Aliyemtukana Baba Siku ya Matanga

Mwezi uliopita tulifumua godoro la zamani la ukumbi wetu pale Katuba, lile tunaloangukia wakati wa mazoezi ya judo. Kumbi za siku hizi zina magodoro ya mpira, mepesi na ya rangi rangi. Letu lilikuwa turubai nene lililojazwa maranda na unga wa mbao, na tangu liliposhonwa hakuna aliyekuwa amelifungua. Wasichana wawili ninaowafundisha walikata uzi, turubai likapasuka ubavuni, na harufu ya mbao za mulombwa ikatoka, tamu na kali, nikalazimika kuketi palepale chini. Mimi ninayepanda ngazi za kanisa kwa kubembelezana na magoti, nikaketi chini kama mtoto. Mmoja akaniuliza, "Mama Feza, unasikia mubaya?" Nikamjibu kwamba sisikii mubaya, aendelee na mkasi wake.

Wenzangu wa rika langu, ambao siku hizi tukikutana tunalinganisha dawa za presha, wamenisumbua miaka mingi kwa swali moja. Kwa nini judo? Kama mwanamke alitaka kujilinda, si angejifunza ndondi, mchezo ambao mji wetu uliupenda tangu zamani za Wabelgiji? Nimekuwa nikiwajibu ovyo. Nimesema ni kwa ajili ya afya, nimesema ni kwa sababu ya mume wangu, na marehemu hakuwahi kuninyanyulia hata sauti. Kweli ni kwamba nilianza kwa ngumi. Nilitaka kumpiga mtu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na nilikuwa na miaka tisa.

Tulikaa kwenye kambi la wafanyakazi, nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu, zote sawa, hata mlevi aliweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla ya kujua kosa lake. Bomba kubwa la moshi lilituangalia kutoka upande mmoja, na kando yake kilima cheusi cha taka za shaba. Baba alifanya kazi kwenye tanuru. Alichechemea mguu wa kushoto, akavaa kila siku kofia ya turubai iliyokuwa na tundu dogo juu ya paji, mahali cheche iliwahi kutua. Nilipenda kuingiza kidole changu kwenye tundu lile akiwa ameivaa, na yeye alijifanya kushtuka kila mara.

Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu wakati wa baridi, miezi ile ambayo vumbi la Katanga huingia hata kwenye chumvi. Desturi yetu ilikuwa kwamba mtoto haoni msiba. Nilipelekwa nyumba ya tatu kwa Mama Anna, nikaambiwa kwamba baba amekufa, kisha nikawekewa bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, nile. Nilikula, na hilo liliniuma kwa miaka. Nilidhani mtoto mwenye akili angekataa.

Siku ya tatu nilimponyoka Mama Anna nikaenda kuchungulia nyumbani kwetu kupitia ua wa matete. Nilitarajia kuona huzuni. Nilimwona Mwape seremala.

Mwape nilimjua kwa mbali, mtu mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa, aliyekuwa na karakana ng'ambo ya reli. Alikuwa katikati ya uwanja wetu, kati ya watu waliokaa kwenye mikeka, naye amevaa kofia ya baba. Kofia yenyewe, yenye tundu. Alikuwa akitembea huku na huku, akichechemea mguu wa kushoto, mwendo wa baba kabisa, huku akipaza sauti.

"Muangalie huyu muvivu! Sirena imelia, benzake wote beko ku kazi, yeye iko analala. Bantu ba ukoo wa Mvua njo banafanyaka vile. Bananyesha kidogo, kisha banachoka."

Baba mdogo Musonda, mdogo wake baba, alisimama. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, na mimi nyuma ya matete nilikunja vidole vya miguu kwa furaha, nikijua sasa Mwape atakiona cha mtema kuni. Musonda alimrukia. Sikuona vizuri kilichofuata. Mwape aligeuka kidogo tu, kama mtu anayempisha mwingine mlangoni, na miguu ya Musonda ikaenda juu, nyayo zikaangalia mbinguni, kisha akatua chali kwenye mchanga uliofagiwa. Mwape akamkalia kifuani na kumwambia kwamba nyumba hii haina mwanamume hata mmoja.

Watu wakacheka. Musonda mwenyewe, akiwa chini, akacheka. Na mama yangu, aliyekuwa ameketi ukutani na kitambaa cheusi kichwani, akacheka mpaka mabega yakatikisika na wanawake wawili wakamshika.

Nilirudi kwa Mama Anna mbio. Nilielewa mambo kama mtoto anavyoelewa, yaani yote na kwa makosa. Niliona kwamba adui amekuja siku ambayo hatuna mtu wa kutulinda, amemtukana baba asiyeweza kujibu, amemwangusha baba mdogo, amechukua kofia, na mama amejiunga naye. Niliapa kwa Bikira Maria kwamba nitampiga Mwape na kuirudisha kofia ile. Kwa kuwa sikuwa na hakika kama Bikira anashughulika na kupigana, niliapa pia kwa Malaika Mikaeli, ambaye ukutani kanisani alichorwa akimkanyaga shetani shingoni. Niliporudishwa nyumbani nilimjibu mama kwa neno moja moja, naye akadhani ni huzuni.

Mtu pekee niliyemjua mwenye elimu ya kupiga alikuwa Feliksi, mtoto wa shangazi yangu, kijana aliyefanya kazi kwenye duka la mikate na kila Jumapili mchana kupigana ndondi kwenye uwanja karibu na misheni. Nilikuwa nimeenda mara moja kuangalia. Nguzo nne za mkaratusi, kamba, kengele, watu wamejaa mpaka juu ya paa za jirani, na wanaume wawili waliopakwa mafuta kwenye nyusi wakizungukana kwa adabu kubwa. Nilishangaa kwamba kengele ikilia wanaacha. Nyumbani kwetu watu wakigombana hakuna kengele.

"Mwanamuke hafanyake bokse," Feliksi aliniambia nilipomwomba anifundishe.

"Mi nitakuletea karanga."

"Za kukaanga?"

"Za kukaanga."

Alifikiri kidogo kwa heshima ya mchezo wake, kisha akakubali. Alining'iniza gunia la pumba kwenye tawi la mpera nyuma ya nyumba yao, akanifundisha kusimama, mguu mmoja mbele, kidevu chini. "Mukono ya kushoto inauliza," alisema, "ya kuume inajibu." Nikauliza na kujibu kila jioni mpaka vidole vikachubuka, mama akiambiwa nasaidia kusafisha sufuria kwa shangazi. Feliksi alitaka kujua namtafuta nani. Nikamwambia ni mtu. Mtu gani? Mkubwa. Alicheka mpaka akapaliwa na karanga zangu.

Lakini nilikuwa na kipaji, alikiri mwenyewe, akaniita bingwa mbele ya rafiki zake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikungoja hata kumaliza mwezi wa pili. Siku moja baada ya masomo nilivuka reli nikaenda kwenye karakana.

Lilikuwa banda la mabati lililo wazi upande wa njia. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya kazi, mbao zimeegemezwa, na chini maranda mekundu yamefika vifundoni. Mulombwa ukipasuliwa hutoa maji mekundu, na unga wake ni mwekundu pia. Mwape alikuwa akipiga randa kwenye ubao, na kofia ya baba ilikuwa kichwani pake.

Nilimwamkia kwanza, maana hata ukienda kumpiga mtu mzima lazima umsalimie. "Jambo, Tata Mwape."

"Jambo, mutoto. Banakutuma?"

"Apana. Nimekuya kukupika."

Kwetu wengi hutamka kupiga kama kupika, naye alinielewa. Aliweka randa chini. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka juu, akachukua kitambaa. "Bon. Ngoja nipanguse mikono."

Nilisimama kama nilivyofundishwa. Kushoto kukauliza, kulia kukajibu, na tumbo la Mwape halikujishughulisha na swali wala jibu. Nilipiga tena. Lilikuwa gumu kama meza yake. Alisimama mikono imelegea, akiniacha nimalize yote niliyojifunza, na nilipoishiwa na ndondi nikamrukia tu, kichwa mbele, kwa hasira.

Aligusa kifundo cha mkono wangu. Nakumbuka mguso ule kuliko chochote, ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayekuvusha barabara. Kisha ardhi ikaondoka. Niliona mabati ya paa yakizunguka, niliona mwanga kwenye matundu ya misumari, na kulikuwa na kimya kirefu ambacho mpaka leo siwezi kueleza kiliwezaje kuingia ndani ya muda mfupi vile. Nikajikuta chali kwenye maranda. Sikuumia popote. Kichwa changu hakikugusa chini, kwa sababu kiganja chake kilikuwa tayari chini ya kisogo changu, kilikuwa kimefika kabla yangu.

Nimekaa kanisani siku za Pasaka, nimezaa watoto wanne, nimeona kilima cheusi kikimwagiwa moto mwekundu ulioangaza mji mzima. Sijui kama niliwahi kushangaa kuliko pale. Nililala nikimtazama mtu yule niliyemchukia, na moyo wangu ulikuwa umejaa kitu ambacho hakikuwa chuki wala woga. Nilitaka kujua kilichonitokea.

"Tena," nikasema.

"Ulikuya kunipika, ao ulikuya kucheza?"

"Kukupika. Lakini tena."

Alinirusha tena, na kila mara kile kiganja kilikuwa pale. Mwishoni niliketi, maranda yamejaa kwenye nywele, nikamwambia kwamba kofia ile ni ya baba yangu na ninaitaka. Mwape aliivua, akaigeuza mikononi, akairudisha kichwani.

"Njo vile? Basi sikia. Bale benye kukufundisha kupika, habakukufundisha kuanguka. Kuya kila siku kisha masomo. Siku utaniangusha, utaichukua."

Nilikubali haraka, nikidhani nimepata mjinga, mtu anayemfundisha adui yake mwenyewe namna ya kumshinda. Nilimwonea hata huruma kidogo.

Kwa majuma mengi hakunifundisha chochote ila kuanguka. Kutoka kuchuchumaa, kutoka juu ya kigoda, kisha kutoka juu ya meza ya kazi. "Kidevu ku kifua. Mukono ipige chini kabla ya mugongo. Toa pumzi, usiifunge." Nilipolalamika kwamba nimekuja kujifunza kuangusha, si kuanguka, alisema, "Mutu mwenye hajue kuanguka anaogopa. Mwenye kuogopa anakaza mwili. Na mwili yenye kukazwa njo inavunjikaka." Kisha akaendelea na randa yake, nami nikapanda meza tena.

Siku moja alikuja mpasua mbao mmoja, jitu la watu, kuleta magogo. Aliniona nikiangukaanguka akacheka, akasema kwamba mambo haya ni ya watoto, yeye hajawahi kuangushwa tangu azaliwe. Mwape alimwomba amshike tu begani, kwa upole, kama wanaosalimiana. Jitu likashika. Sikupepesa macho, nilitaka kuona, na bado sikuona, ila kiuno cha Mwape kilishuka chini ya kiuno cha mwenzake na mtu yule akapita juu yake mzima mzima, na viatu vyake. Kilichoniganda kichwani ni mkono wa Mwape. Haukuachia. Ulishikilia shati la yule bwana mpaka chini, ukamvuta juu kidogo pale mwishoni ili asitue kwa uzito wote. Jitu liliketi kwenye maranda likacheka kwa haya.

Pale ndipo ngumi zilipoanza kunitoka moyoni. Feliksi aliniuliza mbona simpelekei tena karanga, gunia linaningoja. Leo ningemwambia kwamba ngumi ikishafika kazi yake imekwisha, kinachompata mtu baadaye haikijui. Mkono wa Mwape ulikuwa na kazi mpaka mwisho wa kuanguka. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa msichana mkubwa na mwalimu mmoja aliyevaa nguo nyeupe alikuja kutuonyesha judo, somo lake la kwanza lilikuwa kidevu kifuani na mkono kupiga chini, na mimi nikacheka peke yangu kwenye safu, nikakaripiwa.

Ila matusi hayakukoma. Nikifika tu, Mwape aliniamkia, "Karibu, mutoto ya muvivu." Alisema baba alikuwa anaanguka kama mfuko wa makaa. Alisema baba alikula bukari ya watu wanne na kufanya kazi ya nusu mtu. Alisema walipokuwa vijana walishikana mieleka kila Jumapili nyuma ya kambi, "na mi nilimuangusha mara mingi, hata sikuhesabu. Yeye aliniangusha mara moja tu. Ile mara moja, alituambia habari yake mwaka muzima, hata bantu ba treni balijua." Nilikunja uso kila alipoanza, lakini nilianza pia kuchelewa kuondoka. Nyumbani hakuna aliyemtaja baba. Mama akipita kwenye kigoda cha baba alikipisha kama anayempisha mtu aliyelala. Karakanani, katikati ya matusi, baba alikuwa kijana, akila, akijisifu, akianguka vibaya. Nilikuwa naenda kuchukua kofia, na kumbe nilikuwa naenda pia kumsikiliza.

Unga mwekundu ndio ulionisaliti. Mama alikuwa akinisuka, vidole vyake vikasimama, akakung'uta nywele zangu kwenye kiganja na kukitazama.

"Feza. Unakuwaka wapi kisha masomo?"

Nilijua fimbo ilipo. Nikasema yote kwa mkupuo, kiapo, gunia la pumba, karakana, kofia, kwamba nilimwona siku ile akimtukana baba, na kwamba nitamwangusha yeye mwenyewe. Sikuthubutu kumwambia kwamba nilimwona yeye pia akicheka, ila nadhani alilisikia.

"Kumupika?" mama aliuliza polepole. "Kumupika Tata Mwape?" Alinigeuza nimtazame. "Mwanangu, nani aliosha baba yako? Nani alichimba kaburi? Ile sanduku ya mulombwa, unazani bazungu balituletea? Tata Mwape njo alifanya yote. Yeye iko wa ukoo wa Uyoga, baba yako wa Mvua. Beko banungwe."

Banungwe, watani. Neno nililisikia kila siku wakubwa wakiulizana njiani na kucheka, wewe munungwe wangu, nipe tumbako, wewe munungwe wangu, kufa nikurithi. Nilidhani ni mzaha wa sokoni tu. Hakuna aliyenieleza kwamba mzaha ule una kazi, kwa sababu kazi yenyewe iko kwenye msiba, na msibani watoto hawaingii. Mama naye aliolewa kutoka kaskazini, kwao Kongolo hawakuwa na utani wa koo wa namna ile, na alishangaa mara ya kwanza kama mimi.

"Bote tunalia," alisema. "Munungwe, bamemukataza kulia. Akilia yeye, nani atabakia kutubeba? Yeye anapashwa kutukana mpaka bafiwa bacheke." Akaendelea kusuka, kisha akaacha. "Ile siku ya tatu, Feza, sikukuwa nalia. Sikukuwa nakula. Pumzi ilikataa kushuka, iliishia hapa," akagusa koo. "Kisha Tata Mwape alivaa ile kofia, akatembea. Ule mwendo. Nilimuona baba yako. Nilimuona anatembea mu kiwanja, nikasema, uyu mutu, hata kufa hakukumunyoosha ule muguu. Njo nilicheka. Na pumzi ikashuka."

Alimaliza kunisuka bila fimbo. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemnunia mama yangu miezi mitatu kwa kosa la kuvuta pumzi.

Kesho yake nilivuka reli nikamkuta Mwape akinoa patasi. Nikasimama ukingoni mwa banda. Nikamwambia leo sikuja na vita, na kofia akae nayo.

Hakufurahi. Aliweka patasi chini akasema, "Mama yako amekuelezea."

"Ndiyo, Tata."

"Basi, kazi inabakia ileile. Kuya hapa. Wa Mvua banaogopaka siku zote, hii hatukuanza kujua leo. Baba yako, kama angekuwa na akili, angeniachia mutoto mwanaume."

Alijua pa kugusa. Nilimwendea kwa hasira kidogo na mapenzi mengi, nikashika shati na mkono wake, nikashusha kiuno changu chini ya chake kama nilivyomwona akifanya na lile jitu, nikageuka. Nilitarajia kukutana na ukuta, kama siku zote. Safari hii uzito ulikuja. Mtu mzima alipita juu ya mgongo wangu, na nikamshikilia shati mpaka chini.

Mpaka leo sijui kama alijirusha. Nimeangusha watu wengi tangu siku ile na najua tofauti ya uzito unaojitoa na uzito unaotolewa, lakini pale nilikuwa mtoto. Ninachojua ni kwamba hakuanguka kama alivyonifundisha. Mkono wake haukupiga chini. Alitua chali kwenye maranda na kubaki pale, kofia ikavingirika karibu na mguu wa meza, na macho yake yakaangalia mabati.

"Tata Mwape?"

Nilidhani nimemuua. Kisha nikaona machozi yakitoka kwenye pembe za macho yake na kuteremka kuingia katika yale masikio makubwa.

"Iko mugongo," alisema. Sauti ilimkatika katikati. "Mugongo njo inauma."

Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa mjinga. Mtu yule alikuwa amemwosha rafiki yake, amepigilia misumari sanduku lake, amemfukia, na tangu siku ile alikuwa akichekesha watu. Hakuna mahali popote kambini ambapo angeweza kulia bila mtu kumwona. Sasa alikuwa chini, ameangushwa na mtoto wa rafiki yake, na hakuweza tena kujizuia. Kifua kilimpanda na kushuka, sauti ikaanza kutoka, na nje, njiani, wanawake wawili wenye makarai walikuwa wanakuja kutoka sokoni.

Kofia sasa ilikuwa yangu. Niliiokota, nikaiweka juu ya uso wake, nikaibana vizuri ili ukingo wake ufike kidevuni. Kisha nikaketi kando yake, mgongo wangu ukiwa upande wa njia ili wasimwone, nikaanza kumtukana kwa sauti ya juu kabisa niliyokuwa nayo. Nilisema meza zake zote zinacheza. Nilisema wa Uyoga wote ni wavivu, wanaota tu pale walipolala, na kwamba hata mbuzi akiwaona anapita. Wanawake walicheka wakaniita munungwe wa kweli, nami nikawapungia mkono bila kugeuka. Chini ya kofia alikuwa akilia kama watu wote wanavyolia, kwa nguvu, na mimi nikaendelea kutukana, nikavumbua matusi nisiyoyajua, wala sikunyamaza mpaka alipomaliza.